Wauza maua watueleze hoya ni mmea wa namna gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumze na wauza maua wa kandokando ya barabara zetu, pamoja na wenzangu wanaonunua kwao. Siku hizi hoya naikuta katika nyumba nyingi ninazozitembelea, Kampala, Entebbe na hata huku kwetu Bombo. Wengine huiita ua la nta kwa sababu maua yake hung'aa kana kwamba yamefinyangwa kwa nta. Ninaipenda mno, ndiyo maana naumia ninapoingia sebuleni kwa jirani nikakuta kamba zake zinazoning'inia zimegeuka njano, naye akanieleza kwa masikitiko kwamba huimwagilia kila asubuhi bila kukosa.

Kosa limo humo humo katika bidii yake, wala si lake peke yake, kwa kuwa aliyemuuzia hakumweleza kitu. Asili ya hoya ni nchi za joto za Asia, kuanzia India hadi Papua Guinea Mpya, na pia kaskazini mwa Australia. Aina zake ni mamia, na nyingi kati ya hizo hazioti ardhini, bali hujishikiza kwenye matawi na magome ya miti, mizizi ikipata hewa tele, ikilowa mvua inaponyesha na kukauka mara mvua inapokatika. Majani yake manene ndiyo ghala lake la maji. Mmea wa namna hiyo ukipandwa katika udongo mwekundu wa shambani, ndani ya kopo la plastiki lisilo na tundu, mizizi hukosa hewa na kuoza.

Linalowapotosha wengi ni kwamba hoya iliyooza mizizi hufanana sana na hoya yenye kiu: majani hulegea na kukunjamana, maana mizizi iliyokufa haiwezi kunyonya maji hata yakiwa tele. Mwenye mmea huona makunyanzi, huongeza maji, na baada ya siku chache shina huwa jeusi kuanzia chini. Hoya yangu ya kwanza, niliyoletewa na dada yangu kutoka Jinja, niliiua hivyo hivyo wakati wa mvua za Novemba. Tangu hapo simwagilii kabla ya kuingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Udongo ukiwa mkavu na majani yamelegea, hiyo ni kiu. Ukiwa umelowa na majani yamelegea, mmea ung'olewe, mizizi iliyooza ikatwe, na vipande vya shina vilivyobaki vizima vioteshwe upya kabla uozo haujavifikia.

Udongo ninaoutumia ni maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza vizuri, ambayo hayana shida kupatikana karibu na vinu vya kukobolea, nikiyachanganya na vipande vya makaa, changarawe, na udongo wa bustani kiasi kidogo tu. Chungu cha mfinyanzi nakiona bora kuliko cha plastiki, kwa kuwa hukauka upesi.

Kuhusu mwanga, maelezo mengi tunayotumiana kwenye simu yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaoshauriana kuweka mmea kwenye dirisha la kusini na kupunguza maji theluji inapoanguka. Sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta. Mwezi wa Juni jua letu huwa upande wa kaskazini na Desemba huwa kusini, hivyo dirisha lililokuwa kivulini mwezi Machi linaweza kupigwa na jua miezi mitatu baadaye. Dirisha la mashariki ndilo lisilonisumbua, kwa kuwa jua la asubuhi ni la upole. La magharibi huhitaji pazia jepesi. Majira ya kupunguza maji kwetu ni ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, wakati ambapo hewa ina unyevu na chungu huchelewa kukauka.

Nawasihi pia wapenda usafi wasikate kila wanachokiona kimechakaa. Kikonyo kinachobaki baada ya maua kupukutika ndicho kitakachotoa shada jingine, na anayekikata hujinyima maua ya msimu ujao. Vilevile tawi refu lililo uchi halijafa. Hurefuka kwanza likitafuta pa kushika, majani yakafuata.

Lililonisukuma hasa kuandika ni jani moja lenye umbo la moyo linalouzwa kuelekea Siku ya Wapendanao, likiwa limechomekwa katika kikopo kizuri. Ni jani la aina iitwayo Hoya kerrii. Hutoa mizizi na kubaki bichi kwa miaka, lakini likiwa halina kipande cha shina chenye kifundo, yaani pale jani linapoungana na shina, halichipui. Mjukuu wangu alinunua moja mjini kwa fedha zake za akiba, muuzaji akimhakikishia kwamba litatambaa hadi darini, na kwa miaka miwili mtoto yule alilitunza akingoja tawi. Sijui kama muuzaji alijua, lakini mtoto alijilaumu yeye mwenyewe, akidhani ameliua.

Nawaomba wauzaji wetu watoe kipande cha shina chenye vifundo viwili, hata kama kina majani machache na hakipendezi machoni, wakitie katika chungu chenye tundu, na wamwambie mnunuzi waziwazi kwamba huenda akangoja miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kuona shada la kwanza.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Bombo, Luweero.