"Mmeniuzia karatasi": kuhusu bei ya matembezi ya picha Kigoma na Ujiji

Wiki iliyopita dada mmoja aliyetoka Dar aliiweka karatasi yetu ya matembezi juu ya kaunta ya studio akasema, mbele ya watu waliokuwa wamekaa wakisubiri pasipoti saizi: "Mmeniuzia karatasi kwa elfu ishirini na tano. Ramani ninayo kwenye simu." Si wa kwanza kusema hivyo. Tangu tuanze huduma hii ya matembezi ya picha, ile ambayo mteja anajizungusha mwenyewe bila mtu wa kumwongoza, kwa kufuata karatasi inayomwambia asimame wapi na saa ngapi, lalamiko hilo linarudi karibu kila mwezi. Safari hii limeniuma zaidi, kwa sababu dada yule alikuwa na kamera nzuri kuliko zangu, alikuwa na siku mbili nzima za kukaa Kigoma, na bado alikuja na picha mbaya.

Tuanze na hesabu. Katika hiyo 25,000 kuna kuchapa picha kumi za saizi ya postikadi, ambazo ukizichapa peke yake tunakutoza 1,000 kila moja. Kuna kuchaji betri hapa studio mchana wakati umeme ukiwepo, na jenereta usipokuwepo. Karatasi yenyewe basi ni 15,000. Na karatasi hiyo haikutoka kwenye simu. Imetoka kwenye daftari la kaunta ambalo marehemu baba alilianza enzi za filamu, lenye madoa ya mawese kwenye jalada, ambamo aliandika kila mahali alipopigia harusi, kipaimara au picha ya pamoja ya wafanyakazi: alisimama wapi, saa ngapi, mwezi gani, na picha ilitokaje baada ya kusafishwa. Filamu ilikuwa na picha 36 tu, ukikosea umekula hasara. Nilichofanya mimi ni kuendeleza daftari lile na kulipanga kwa njia ya mtu anayetembea kwa miguu. Kwa hiyo unachonunua ni saa ya kupiga picha, na watu wa kuwaomba ruhusa. Mahali penyewe kila mtu anapajua.

Dada alianza stesheni ya reli saa 6 mchana. Karatasi imeandika, kwa herufi nzito, saa 1 na nusu asubuhi. Aliniambia aliona hiyo saa imewekwa tu kama kupendekeza.

Tanzania nzima tunatumia saa moja, lakini jua halina habari na saa ya Dar. Sisi tuko mbali magharibi, na jua linachomoza kwetu kama dakika 40 baada ya kuchomoza kule. Mgeni anayeamka saa 12 asubuhi anakuta giza, anarudi kulala kwa hasira, na akiamka tena amechelewa. Mchana wa katikati kwetu hauko saa 6, uko karibu saa 7. Na jioni bado kuna mwanga hadi karibu saa 1 usiku, wakati wageni wengi wameshaingia hotelini kuoga. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kabisa, hata kivuli chako unakikanyaga.

Sasa chukua stesheni. Uso wake umeelekea Barabara ya Lumumba, na asubuhi jua linateremka kutoka huko juu, upande wa mtaa wa Mwanga. Linagusa paa kwanza, halafu linashuka ukutani taratibu hadi kwenye matao. Kuna dakika kama ishirini hivi ambapo kila tao lina nusu mwanga na nusu kivuli, na ukisogea karibu unaona chokaa ilivyopakwa juu ya chokaa, miaka juu ya miaka, na kingo za nguzo zilivyolika pale abiria wanapoegemea mizigo. Mama akipita na beseni kichwani wakati huo, hiyo ni picha ya kuweka sebuleni. Saa 3 imekwisha. Kufika saa 7 mchana ukuta mweupe unaungua na matao yanabaki mashimo meusi.

Dada aliniletea picha 22 za namna hiyo, akitaka nizitengeneze kwenye kompyuta. Tunatoza 3,000 kwa picha moja, maana kila moja inakaliwa. Hiyo ni 66,000 juu ya ile 25,000 aliyoililia. Na nilimwambia ukweli kabla sijagusa pesa yake: kivuli naweza kukifungua kidogo, lakini ukuta ulioungua hauna kitu ndani, kamera haikuandika chochote pale. Sikumtoza. Nilitengeneza mbili zilizokuwa na uhai nikamwambia nyingine aziache.

Njia ya mkato ninayoiona zaidi ni ya bodaboda. Mtu anaambiwa kwa elfu kumi atazungushwa kote ndani ya saa mbili: stesheni, bandari, Kibirizi kwa wavuvi, Ujiji, kwisha. Sina ugomvi na vijana wa boda, karatasi yetu yenyewe inakwambia upande boda au daladala kwenda Ujiji. Lakini dereva analipwa kwa kufika. Anakusimamisha anapoweza kugeuza pikipiki, anakwambia "piga haraka haraka", na hapo ndipo watu wanapopiga wasipotakiwa kupiga.

Kuna bwana mmoja, mwaka juzi, alipiga mahali penye ulinzi (sitapataja) bila kuomba. Alizuiwa zaidi ya saa nzima, akaamriwa afute kila kitu mbele ya walinzi. Akafuta, akaendelea na safari yake, akapiga picha zaidi ya mia mbili siku hiyo hiyo, ndipo jioni akaniletea memori kadi nimrudishie zile zilizofutwa. Jamani, picha ikifutwa haiondoki papo hapo. Kamera inafuta jina lake tu kwenye orodha, na picha inabaki pale hadi mpya ije iikalie. Angeitoa kadi palepale akaiweka mfukoni, ningezipata karibu zote. Zilirudi tisa. Nilifanya kazi ile usiku mzima na nikamtoza 40,000, akasema namwibia. Zile za mahali pa ulinzi, hata zilizorudi, nilizifuta mimi mwenyewe.

Stesheni, bandari, majengo ya serikali: unaomba kwanza. Karatasi imeandika umwone nani, useme nini, na siku zipi utamkuta. Ukiambiwa hapana, ni hapana, na kuna mahali pengine pa kusimama. Upo mteremko tulioutia alama ambapo fremu moja inachukua ghuba na njia ya reli, na hapo husumbui mtu.

Nimeupenda mteremko ule kwa sababu reli na ziwa hapa ni hadithi moja. Reli iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905 ilifika Kigoma Februari 1914. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar kwa bahari na Kigoma kwa reli hiyo hiyo. Hapa ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini injini walikwisha kuzipaka grisi nene zisishike kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Mtu aliyelijua hilo hapigi stesheni kama jengo tu. Anatafuta reli inapoelekea majini.

Wageni wanaofika Julai hadi Septemba wananiuliza mbona milima ya Kongo haionekani kama kwenye picha zangu za ukutani. Wakati huo kuna ukungu wa vumbi na moshi wa nyika inayochomwa, ng'ambo yote inapotea. Picha zile za ukutani nilizipiga masika, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Tunamwambia mteja kabla hajalipa, na mwenye kutaka milima tu tunamshauri arudi wakati wa mvua.

Kibirizi ndipo pesa ya karatasi inapojilipa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wengi hawaingii, kwa sababu taa haivuti dagaa kwenye mwanga wa mwezi. Kwa hiyo karatasi tunayokupa ina siku za giza za mwezi ule zimeandikwa kwa kalamu, maana zinabadilika kila mwezi, na hiyo ndiyo sababu hatuwezi kukuuzia ya mwaka jana kwa nusu bei. Ukienda siku ya giza, asubuhi unakuta dagaa wabichi wanamwagwa kuanikwa, wanang'aa kama sarafu zilizomwagika, na akina mama wanawageuza kwa mikono. Usifike ukainua kamera. Wale mama wamechoka kupigwa picha na watu wasiosalimia. Sema "Mwakeye", salamu ya Kiha, nunua kisado, uliza bei za leo, na kamera iwe begani. Mara nyingi wao ndio watakaokuambia "basi tupige". Mteja mmoja aliyeruka hatua hiyo alimwagiwa maji ya dagaa. Alikuja kwangu kulalamika, nikamwambia kamera nitamsafishia, lakini mama yule simlaumu.

Ujiji nenda jioni. Pale kwenye makumbusho, bamba linasema Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871 chini ya mwembe uliokuwa hapo. Miembe unayoiona leo inaelezwa kuwa ni vizazi vya ule. Kiingilio unalipa pale pale, hakimo kwenye bei yetu, na hili tumeliandika mbele na nyuma kwa sababu ya ugomvi uliotokea huko nyuma. Lalamiko la pili la Ujiji ni kwamba "ziwa liko mbali, mmesema ni ufukweni". Mwaka ule wa 1871 maji yalikuwa juu zaidi. Muda mfupi baadaye ziwa lilifungua njia yake ya kutokea kwa Mto Lukuga, upande wa Kongo, likashuka mita kadhaa na kurudi nyuma. Simama penye mnara, geukia majini, piga ardhi yote iliyo katikati. Halafu teremka mitaani taratibu, kwenye nyumba za zamani zenye baraza, watu wakiwa wamekaa nje. Hapo pia salamu kwanza, na kwa wazee ni shikamoo.

Neno la mwisho ni amana ya 100,000 kwa anayekodi kamera yetu, ambayo wengi wanaiona ni dharau. Vumbi jekundu la huku ni mchanga mkali. Mteja mmoja alifuta lenzi kwa pindo la fulana siku nzima. Niliishika chini ya taa ya mezani: kioo kizima kilikuwa na mikwaruzo ya duara, myembamba kama utando wa buibui, na kila picha aliyopiga kuelekea jua ilikuwa na ukungu katikati. Lenzi ile niliinunua kwa mkopo wa kikoba na sikuipatia fundi hata Dar. Ndani ya mfuko wa kamera tunaweka brashi laini na kitambaa chake. Brashi kwanza, kitambaa baadaye, na amana yako unarudishiwa yote siku hiyo hiyo.

Dada wa Dar bado yuko mjini hadi Alhamisi. Karatasi yake tumemrudishia, picha zake kumi za kuchapa hajazitumia, na kesho tunafungua saa 12 na nusu ili betri yake iwe tayari kabla jua halijafika kwenye paa la stesheni.