Safari ya kisiwa cha Changuu, Zanzibar, Jumapili: thibitisheni kabla ya Ijumaa

Assalaam alaykum ndugu zangu, habari za kazi?

Mipango imekaa sawa. Tukutane Forodhani saa 2:30 asubuhi, mashua inaondoka saa 3 kamili. Tafadhali tusisubiriane, nahodha hatatusubiri.

1. Mchango ni shilingi 25,000 kwa kila mtu mzima, watoto nusu. Ni za mashua na chakula tu. Kiingilio cha kisiwani kila mtu alipe mwenyewe. Mpeni mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni.

2. Tutaanza na jengo la gereza. Mwingereza Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Zanzibar, alilijenga miaka ya 1890, lakini halikupata kufunga wafungwa. Badala yake kisiwa kikawa karantini ya abiria wa meli walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Kabla ya hapo watumwa walifungiwa pale kisiwani, kwa hiyo watoto waelezwe mapema, wasije wakadhani ni hoteli tu.

3. Kisha kobe! Wa kwanza wanne waliletwa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919, asili yao visiwa vya Aldabra, huko huko Ushelisheli. Wengine wana umri mkubwa kuliko babu zetu. Hakuna kumpanda mgongoni hata kwa picha, nasema mapema kwa wale ninaowajua.

Chukueni kofia, maji na nguo za kuogelea. Mama Salma na dada zake watapika pilau. Vijana wawili wabebe majokofu ya barafu, jitokezeni.

Andikeni hapa "NAKUJA" na idadi ya watu wenu, ili nijue kama mashua moja inatosha.