Mpelekeni mbwa mwenyewe kwa daktari, si maelezo yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wafugaji wa mbwa na paka wa Moshi. Nina duka la dawa za mifugo hapa Pasua. Wateja wangu wengi ni wa ng'ombe, mbuzi na kuku, lakini haipiti wiki bila mtu kusimama kaunta na kuniambia: "Mama, mbwa wangu hataki kula, amelegea tu. Nipe sindano ya OTC," ile antibiotiki ya mifugo. Ukimuuliza mbwa yuko wapi, yuko nyumbani Kiboroloni, amefungwa mnyororo.

Simpi. Wapo wanaoondoka wamenuna, lakini afadhali wanune. Mbwa aliyegoma kula anaweza kuwa na minyoo, ugonjwa wa kupe, sumu au figo zilizochoka, na kwa maneno ya mdomo yote hayo yanafanana. Daktari akimpata mbwa mwenyewe anafunua mdomo aone kama ufizi umepauka. Anachukua tone la damu sikioni, analiweka kwenye kioo na kulitazama kwa darubini. Anampima uzito, maana dozi huenda kwa kilo, na dawa ya sindano anayochomwa ng'ombe ikikadiriwa kwa macho inaweza kumuua mbwa. Anampima joto pia. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 hivi, ambalo kwa mtu tungeliita homa, kwa hiyo kumshika pua hakukuambii chochote.

Juzi kati alikuja mama mmoja na paka ndani ya kikapu cha sokoni. Paka alikuwa anachechemea, mama akamwonea huruma, akampa kipande cha panado. Nilipomwona uso ulikuwa umevimba, anahema mbiombio, na ufizi umegeuka kahawia. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama la binadamu, na damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Nilimwitia bodaboda palepale awahi kliniki, nikamsihi amweleze daktari bila kuficha: kidonge gani, kipande kikubwa kiasi gani, saa ngapi. Alisema yote, na paka alipona. Wengi wanaona aibu, wanafika wanasema "ameanza tu hivi hivi", na daktari anapoteza saa nzima akitafuta asichoambiwa. Vivyo hivyo kwa sumu ya panya: nendeni na pakiti yake, hata kama imechanika. Na msimnyweshe maziwa njiani. Maziwa hayaondoi sumu.

Jambo la dawa za kuogeshea linaniumiza kwa sababu linaanzia kwenye maduka kama langu. Dawa nyingi za kupe wa ng'ombe ni za jamii ya pareto. Paka hazivumilii kabisa. Anaanza kutetemeka na kukakamaa. Muuzaji mwenzangu, ukiulizwa dawa ya viroboto vya paka, usimpimie mtu ya ng'ombe kwenye chupa ya soda.

Safari yenyewe ya kliniki inahitaji maandalizi kidogo. Paka abebwe kwenye kikapu chenye mfuniko, asishikwe mikononi, kwa sababu honi moja ya lori inatosha kumfanya aruke. Mbwa awe na kamba imara hata kama nyumbani ni mpole. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo asiwekwe chini kwenye uwanja wa kliniki. Kirusi cha parvo, ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu, kinaishi ardhini miezi mingi. Na kama wako ndiye anayetapika na kuharisha damu, pigeni simu kabla, mmwache nje hadi mwitwe, mwokoe na watoto wa mbwa wa wenzenu. Anayekwenda kuhasiwa asilishwe usiku wa kuamkia siku hiyo. Akitapika akiwa kwenye nusukaputi, matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Mnyama mmoja tu sitaki mumbebe: mbwa aliyebadilika tabia ghafla, taya limelegea, mate yanachuruzika. Watu hudhani mfupa umekwama kooni, wanatia mkono. Huyo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo dalili zikishaanza kwa mtu karibu hakuna anayepona. Msimguse, zuieni watoto, mwiteni afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nendeni na kadi hiyo kila mara.

Muulizeni pia anayewatibia kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Ni haki yenu, na daktari wa kweli hakasiriki. Najua wengi wanaogopa gharama. Lakini mbwa anakesha akilinda banda na watoto wenu, na nimeona watu wakinunua dawa moja baada ya nyingine za kubahatisha, mwishowe wakatumia zaidi ya ambacho kliniki ingewatoza.

Kwa madaktari nina ombi moja. Tafadhali waandikieni wateja jina la dawa, kiasi na siku za kutumia, kwa Kiswahili na kwa mwandiko unaosomeka. Wakija dukani na karatasi hiyo tunawapa dawa ile ile mliyoandika, hatukisii.

Muuza dawa za mifugo,
Pasua, Moshi