Yah: safari ya Ikombe ambayo haikufika Ikombe

Forest Mpya,
Mbeya.
12 Agosti 2024

Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jumamosi tarehe 10 Agosti mimi, mume wangu na mama mkwe tulisafiri nanyi. Tulilipa shilingi 85,000 kila mmoja, na stakabadhi yenu inaonyesha kuwa 10,000 kati ya hizo ni "mchango wa wafinyanzi".

Tangazo lilisema tungeondoka Kabwe saa 12 asubuhi, tulikute gulio la vyungu la Lyulilo limechangamka, kisha tuvuke kwa boti hadi kijiji cha Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, tukawaone akina mama wa Kikisi wakifinyanga. Gari lilikuja saa 3. Tukuyu tukawekwa saa nzima kwenye duka la rafiki wa dereva. Hayo ningeyasamehe.

Tulifika Lyulilo saa 9 alasiri. Akina mama walikuwa wanapakia vyungu vilivyobaki kwenye mitumbwi. Kiongozi wenu akasema hatuwezi kuvuka, ziwa limechafuka, na huku mitumbwi inaondoka mbele ya macho yetu kurudi Ikombe, imejaa watu na vyungu. Mwenye boti ndiye aliyetueleza ukweli: hakuna aliyemkodi.

Mama mkwe ana miaka 71. Amepikia vyungu vya Wakisi tangu usichana wake Rungwe, na alitaka aone vinavyozaliwa: udongo unavyoinuliwa kwa mikono bila gurudumu, unavyosuguliwa hadi ukang'aa, unavyochomwa uwanjani bila tanuri. Alikaa mchangani akamwomba mama mmoja amsimulie. Yule mama akamwonyesha kwa mikono mitupu, udongo hana, wenzake wakimwita apande mtumbwi. Dakika kumi hizo ndizo pekee tulizojifunza kitu siku nzima, na hazikutoka kwenu.

Nilimuuliza kuhusu mchango. Hajawahi kuupokea, wala wenzake waliokuwa pale. Na kiongozi wenu, palepale, alikuwa akimbana ashushe bei ya mtungi kutoka 8,000 hadi 3,000, akimwambia mbele yetu kuwa "ni udongo tu". Niliona aibu kuwa nimekuja na gari lenu.

Naomba mturudishie nusu ya fedha ya safari, 112,500 kwa watu watatu. Ile 30,000 ya mchango msinirudishie. Ipelekeni Ikombe, mkabidhi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nami nipate nakala ya karatasi watakayosaini. Kiongozi wenu aende nayo mwenyewe, amwombe radhi yule mama.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani. Nimeambatanisha nakala za stakabadhi na tangazo.

Mteja wenu,
(Sahihi)