Mama, yule kijana wa maswali akirudi

Tylorstown, Rhondda Fach, Wales
Jumapili usiku

Mamangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Mdogo, kwa Shangazi Sidi na kwa wote wa mji wetu, hata kuku wako ambao nasikia siku hizi wanalala jikoni. Mimi sijambo, ila baridi. Mvua ya huku haina adabu ya kunyesha ikaisha kama ya kwetu. Inachuruzika tu mchana kutwa.

Simu ya Jumatano ilikatika mahali pabaya. Ulikuwa unaniambia yule kijana wa utafiti amekuja tena kuuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia na nani kahama, na Baba Mdogo akamwinua pale chini ya mwembe, akisema miaka ishirini na ushee tunahesabiwa kama mbuzi na hajaona mbuzi aliyezaa kwa kuhesabiwa. Nilicheka, maana Baba Mdogo ana maneno. Halafu simu ikakatika na kicheko kikanikauka, kwa sababu wa kwanza kumfukuza mtu wa maswali katika mji ule ni mimi, na wewe unakumbuka. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nitaipiga picha barua hii niitume kwa simu ya Kahindi akusomee. Asome polepole, asiruke mahali.

Ngoja kwanza nikueleze ninapofanya kazi. Bibi ninayemhudumia ana miaka 86. Nyumba yake imebanwa katikati ya safu ndefu, ukuta kwa ukuta, zinapanda mlima kama mabehewa. Bonde hili lote lilikuwa la makaa ya mawe. Mgodi wa mwisho, wa Maerdy huko juu, ulifungwa mwaka 1990. Taka zake zilirundikwa mpaka zikawa vilima, na vilima vikaota nyasi, na mgeni akipita hudhani ni kazi ya Mungu.

Dirishani pana kiti cha mbao chenye mikono, na kila asubuhi nikishamwogesha na kumpa chai bibi huniambia nikifute vumbi, hata kama sikioni. Kilikuwa cha babake. Miaka yake minne ya mwisho mzee yule alilala ameketi humo, mto kifuani, mikono juu ya mto, maana ukimlaza chali alikuwa kama mtu anayezama. Akitoka kwenda dukani alisimama kila penye nguzo ya taa akijifanya anatazama mbingu. Bibi alikuwa mtoto, akidhani babake anapenda ndege. Leso zake mamake alizifua peke yake, kando na nguo nyingine, kwa sababu ya weusi.

Huku hawasemi mtu anaumwa mapafu. Wanasema "ana vumbi," kama sisi tunavyosema fulani ana sukari. Na vumbi hilo lilipimwa kwa asilimia: jopo la madaktari wa fidia lilimtazama mchimbaji likasema huyu 30, huyu 50, na pesa zikaenda na hesabu hiyo. Bibi husahau kama amekula mchana, lakini asilimia za majirani waliokufa zamani anazitaja nyumba kwa nyumba.

Nikavutika. Nikaanza kusoma usiku, nikamkuta daktari mmoja anaitwa Archie Cochrane, Mskoti. Wakati wa vita vya pili alitekwa na Wajerumani akawekwa kuwatibu wafungwa wenzake, wengi wao wenye kifua kikuu, na jambo lililomkaa rohoni ni kwamba hakuwa na njia ya kujua kama tiba zake zinawaponya au zinawaharakisha. Mwaka 1948 akaja kwenye kitengo cha utafiti wa vumbi la mapafu, hospitali ya Llandough, karibu na Cardiff. Wakati huo ilishukiwa kwamba kifua kikuu ndicho kinachofanya vumbi jepesi ligeuke mabonge magumu ndani ya mapafu. Yeye na wenzake wakachukua mabonde mawili, hili la Rhondda Fach na la jirani la Aberdare. Kuanzia mwaka 1950 huku watafute kila mwenye kifua kikuu wamtibu, kule mambo yaende kama kawaida, kisha walinganishe wachimbaji wa pande zote mbili. Ili iwezekane, ilibidi watu wa bonde hili wapigwe picha ya kifua: mchimbaji, mkewe, mwalimu, muuza duka.

Na watu walikuwa na sababu za kukataa, Mama, nzito kuliko za Baba Mdogo. Miaka michache tu nyuma, mchimbaji akithibitishwa kuwa na vumbi alilazimika kutoka mgodini, na bonde hili halikuwa na kazi nyingine. Nani apeleke kifua chake kikanyime watoto mkate? Lakini karibu tisa katika kila kumi walijitokeza. Aliyekosekana, mlango wake uligongwa tena, na tena, na baadhi ya waliogonga walikuwa wachimbaji wa zamani. Bibi anasema babake alikubali kwa sababu aliyekuja alikohoa kabla ya kusema habari za asubuhi.

Hapa Kahindi msomee Baba Mdogo kwa sauti. Ile shuku ya kifua kikuu haikuthibitika. Baada ya taabu yote ile! Ingekuwa mimi ningelia. Ila majina yalibaki. Watafiti waliwarudia watu walewale baada ya miaka 20, na tena baada ya 30, wakajua wenye mabonge makubwa ndio waliokufa mapema, na wenye vumbi jepesi waliishi karibu sawa na wenzao. Kwa mtu aliyeambiwa una vumbi akarudi nyumbani kuandika wosia, hiyo si habari ndogo. Ilipatikana kwa kuwa mtu aliulizwa kijana, akaulizwa mzee, na akifa mkewe akaulizwa.

Na huyo Cochrane hakuwasumbua watu wa watu tu. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaoitwa pofiria, basi akawaandikia ndugu zake waliotawanyika, shangazi, binamu, watoto wa binamu, akiwaomba mkojo na choo vikapimwe. Mwonee huruma Baba Mdogo, angalau yeye anaulizwa maneno matupu.

Kuna jambo la jiko nalo. Nilikutumia pesa ukanunua lile jiko banifu, na nikajisifu hapa kwa kila mtu kwamba nimewaondolea wajukuu kichomi. Nimesoma sasa kwamba Malawi walilijaribu hilo, vijiji 150, watoto zaidi ya 10,000: nusu ya vijiji wakapewa majiko ya kisasa ya kuni, nusu wakaendelea na mafiga. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Nimonia kwa watoto haikupungua. Moshi wa kuni ni mbaya, hilo halina ubishi, ila jiko peke yake halikutosha, maana mtoto anavuta pia moshi wa jirani, na wa takataka, na wa sigara ya babu. Basi usilitupe, linakula kuni kidogo na macho yako yanapumzika. Lakini lile dirisha nililokuambia Kahindi alipasue ukutani mwa jiko, bado nalitaka. Na kuku watoke.

Sasa nifike nilipokuwa napazunguka.

Mwaka 2009, wiki kadhaa baada ya kumzika Katana, alikuja mtu na fomu. Mlikaa kwenye mkeka, wewe ukiwa na leso ya msiba bado mabegani. Akauliza mtoto aliumwa siku ngapi. Ukajibu. Akauliza kama alikuwa anapumua haraka. Ukajibu. Akauliza kama kifua kilikuwa kinadidimia ndani kila akivuta pumzi, na wewe ukanyamaza, kisha ukaweka mkono chini ya mbavu zako mwenyewe ukamwonyesha: hapa. Ndipo mimi, wa miaka 16, nikatoka jikoni na kijinga cha moto nikamwambia aondoke, kwani anataka nini tena, mtoto si ameshakufa? Aliondoka mbio akaacha kiatu kimoja. Wewe hukunigombeza. Ulichukua kile kiatu ukamfuata mpaka barabarani, ukarudi naye, mkamaliza yale maswali mkiwa mmesimama kando ya ua, nisikokuwa na ruhusa ya kufika.

Sikuwahi kukuuliza kwa nini. Leo nadhani najua, ila nitafurahi ukiniambia mwenyewe.

Hospitali inamjua aliyefika, Mama. Haimjui aliyefia nyumbani, wala mzima anayecheza mpira. Ikisema watoto 50 wamelazwa kwa nimonia, lazima uulize, 50 katika wangapi? Hilo "katika wangapi" haliko kwenye dawa wala kwenye mashine, liko kwenye daftari la yule kijana. Kwetu Kilifi daftari hilo lilifunguliwa mwaka 2000 na watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao. Januari 2011, chini ya miaka miwili baada ya Katana, Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya nimokoka, kijidudu kinacholeta nimonia kali na homa ya uti wa mgongo. Miaka iliyofuata, kwa kuwa kule kwetu ilijulikana ni watoto wangapi wanaishi na wapi, watu waliweza kuhesabu: kwa walio chini ya miaka mitano, maambukizi mazito ya aina zilizomo ndani ya chanjo yalishuka kwa asilimia 92. Watoto wa Kahindi wote wawili wamedungwa hiyo chanjo. Mwambie Baba Mdogo mbuzi amezaa, tena mapacha, na wanamrukia mapajani kila jioni.

Sisemi ingemwokoa Katana. Hakuna aliyemtoa damu akaangalia ni kijidudu gani. Nasema jibu lako limo humo.

Na jambo lingine lilinijia juzi nikifuta kile kiti. Katana hakuwa na cheti cha kuzaliwa, tulikuwa tunangoja pesa ya nauli. Picha hatukumpiga. Kadi yake ya kliniki mchwa waliila pamoja na lile sanduku la bibi yetu. Basi daftari lile pengine ndilo mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba alikuwepo: jina, mama yake nani, tarehe aliyokuja na tarehe aliyoondoka.

Yule kijana akirudi, mwekee kiti kivulini. Baba Mdogo naye ana haki yake: amuulize matokeo yanarudishwa lini kwa wenye mji na kwa lugha gani, na asikubali kujibiwa juujuu. Akitaka kukataa baada ya hapo, akatae kama mtu aliyeelezwa.

Atasoma majina yote, mmoja mmoja, kama kawaida yao. Akifika kwa langu mwambie ukweli, kwamba niko nje, aandike nimehama. Najua utataka kumwambia nakaribia kurudi. Usimwambie hivyo, Mama, hadi nikate tiketi.

Pesa za dawa za presha na za fundi wa dirisha zitaingia kwenye M-Pesa yako Ijumaa. Usimkopeshe Shangazi Sidi.

Mwanao,
Kadzo