Neno "mole" si fuko kila mahali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na wanaotafsiri habari na makala kutoka Kiingereza. Kuna neno la herufi nne, "mole", ambalo wengi wamelizoea kwa maana ya fuko, yule mnyama mchimba ardhi, basi kila likitokea wanaandika fuko.

"Mole" ni maneno kadhaa yaliyotoka mbali na kukutana kwenye tahajia moja, kama kaa wa baharini, kaa la moto na kitenzi kukaa. Sisi tunaokolewa na ngeli: ukisikia "paa yule" na "paa lile" huchanganyi mnyama na nyumba. Kiingereza hakina msaada huo. Kinachobaki ni maneno jirani.

Lililo kongwe ni la ngozi. Katika Kiingereza cha Kale "māl" lilikuwa doa, hasa la kwenye nguo, na leo ni kile kidoa cheusi cha mwilini. Jina la mnyama lilishika baadaye, nalo lina ndugu yake katika Kiholanzi, "mol". Shakespeare aliyatumia yote mawili katika tamthilia yake ya Hamlet: kwenye onyesho la nne la sehemu ya kwanza ni dosari ya maumbile, na kwenye onyesho la tano ni fuko anayechimba upesi chini ya ardhi. Jasusi aliyepandikizwa ndani ya idara ya adui ametokana na fuko huyo, na maana hiyo ilienezwa sana na riwaya ya John le Carré ya mwaka 1974. Hapo kweli ni neno moja lililoongezewa maana.

Ukifika Kilatini mambo yananoga. "Moles" ni lundo zito. Kwa njia ya Kifaransa likawa ukuta mnene wa bandarini wa kuvunja mawimbi, kama ule wa Dunkirk, Ufaransa, ambako maelfu ya wanajeshi walipandia meli mwaka 1940. Lundo hilo likipunguzwa linakuwa "molecula", lundo dogo, ndiyo molekuli yetu. Mwanakemia Wilhelm Ostwald akalikata kwa Kijerumani kuwa "Mol", nasi tunasema moli, kipimo cha kuhesabia chembe katika kemia. Tangu tarehe 20 Mei 2019 moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Kwa maji ni takribani gramu 18. Kwa hiyo ukuta wa bandari na kipimo cha maabara ni watu wa ukoo mmoja, ingawa hawafanani kwa lolote.

Kosa baya zaidi liko kwenye kivumishi "molar". Kilatini kina neno jingine, "mola", yaani jiwe la kusagia. Humo limetoka jina la gego, jino linalosaga, na humo pia limetoka jina la kitabibu la mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo haikui kuwa mtoto. Ukolezi wa kemikali nao huitwa "molar", ila huo unatoka kwenye moli. Mfasiri mwenye haraka anaweza kuingiza meno katika habari ya uzazi.

Mchuzi mzito wa Meksiko unaoitwa mole hauna undugu na hao wote. Unatoka Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, "molli", na hutamkwa mo-le kwa silabi mbili. Usiutafsiri.

Nini cha kufanya? Kamusi nzuri huweka namba ndogo juu ya kidahizo, yaani neno linaloelezwa: kila namba ni neno lenye asili yake, na maana zilizo chini yake ni matawi. Usiishie namba ya kwanza. Kisha tazama majirani: tarakimu na jina la kemikali ni moli, meli kutia nanga ni ukuta, siri kuvuja ni jasusi, shavu, mgongo au daktari ni ngozi.

Hilo la mwisho lina uzito wake. Makala za afya huwaonya watu waende hospitali wakiona kidoa kinabadilika rangi, kingo zake hazina mpangilio, au upana wake umezidi milimita 6, kwa kuwa huenda ikawa saratani ya ngozi. Msomaji akikuta hapo "fuko mwenye milimita 6", hatajua kwamba anaambiwa atazame mgongo wake mwenyewe.

Mfasiri na msomaji wako