Kabla hujabonyeza Enter

Tanga, Jumanne usiku

Abdu ndugu yangu,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, hofu ni kwako wewe uliyemezwa na Maskati. Mama anakusalimu sana, anasema ile halua uliyomwahidi sasa imeshakuwa mali ya urithi, atawaachia wajukuu waidai. Mguu wa mzee wako je? Nilimwona Mwinyi pale sokoni Mgandini akaniambia anatembea bila mkongojo, nikashukuru. Basi, salamu ziishie hapo, maana lililonikalisha mezani saa hizi ni jingine, na nikilichelewesha nitalala nalo tena.

Faili la mchezo wetu wa Civilization IV, ule wa kompyuta tunaopokezana, lipo kwako siku ya kumi na tisa leo. Sheria unazijua: siku moja ya kusema "nimelipata", siku tatu za kucheza zamu kumi, unaandika ripoti, unamrushia anayefuata. Wewe ulisema "nimelipata" halafu kimya. Chande anataka urukwe. Mwanaidi, unamjua, wiki mbili hakusema kitu, jana kaandika neno moja tu kwenye kundi: "Ijumaa." Na nukta yake.

Mimi nimekutetea. Nimewaambia mtu anayeshika zamu za usiku kazini hawezi kusumbuliwa kwa zamu za Civilization. Chande akacheka, Mwanaidi hakucheka. Nimekutetea kwa nguvu sana, tena kwa maneno makali kidogo, na nadhani ukali ule ulitoka mahali pengine kabisa. Kwa sababu wakati nakutetea, nilikuwa nimeshachungulia.

Ndiyo. Nilibakiza nakala. Jumamosi ile umeme haukukatika, watoto wamelala, laptopu inavuma feni kama mashine ya kukoboa mahindi, na faili liko pale linaniangalia kama biriani chini ya kawa. Nikajiambia nifungue tu niangalie ramani, jinsi nilivyokuachia. Kisha nikajiambia zamu moja tu. Wewe mwenyewe unajua "zamu moja tu" huishia wapi. Nilipoinua kichwa adhana ya alfajiri inalia, na nilikuwa nimecheza zamu zako zote kumi.

Kanuni ya nne ya Mwanaidi: hakuna kurudia, hakuna kucheza mbele, hakuna kufungua WorldBuilder, kile chombo cha kutengenezea ramani, kuchungulia ng'ambo ya giza. Ramani kaitengeneza yeye, miezi mitatu, kila mraba wa pwani kuanzia Sofala mpaka Lamu kauweka kwa mkono. Hata taifa la Mali katuchagulia yeye, kwa kuwa mchezo hauna Waswahili, na kwa kuwa jengo lao la pekee ni kile kiwanda cha sarafu, na Kilwa kweli walipiga sarafu zao wenyewe. Mfalme wao, Mansa Musa, kambadilisha jina akawa Sultani Hasan. Halafu mimi ndiye nimevunja kanuni ya nne.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo linalonikosesha usingizi: nimeona kitu, na siwezi kukwambia.

Ngoja nieleze tulipo, maana siku kumi na tisa ni nyingi na huenda umesahau. Mwaka wa mchezo ni 1130. Wote tumekubaliana kwamba hatari ni João, yule mfalme wa Wareno anayechezwa na kompyuta. Mwanaidi kamweka kwenye kisiwa cha mashariki, pembeni kabisa, kwa sababu ramani haikufika Ulaya, na kila mmoja wetu tangu zamu ya kwanza anahesabu siku za kuja kwa zile karaka zake, kwani ndizo meli za mwanzo zenye uwezo wa kuvuka bahari kuu na askari ndani. (Chande bado anabisha kwamba João wa Pili alikufa 1495, kabla hata Vasco da Gama hajang'oa nanga, kwa hiyo aliyestahili kuwemo ni Manuel. Mwanaidi kamwambia akatengeneze ramani yake.) Nani asiyejua ya 1505? Almeida na meli zake za Kireno Kilwa mwezi wa saba, Mombasa mwezi wa nane, moto. Kwa hiyo mimi katika zamu zangu nilifanya jambo la busara. Niliwatoa wapiga pinde wawili Kilwa nikawapandisha Mombasa, nikajenga ukuta Mombasa, na kwenye ripoti nikajisifu. Soma tena ile ripoti. Nimeandika "João sasa aje." Kilwa nikamwacha mrusha mikuki mmoja, yule wa tangu enzi za shaba, hajawahi kupigana na mtu zaidi ya simba.

Mjinga mimi. Lakini nisiendelee hapo.

Hivi unakumbuka somo la Wazimba, wale wapiganaji waliotoka bara? Nakuuliza tu, nimelikumbuka juzi. Mombasa ile ya 1589, watu wote macho baharini kwa sababu meli za Wareno zimetoka Goa, na Wazimba wako nyuma yao, bara, Makupa, wanasubiri. Na kabla ya hapo walikuwa wameshaimaliza Kilwa. Kilwa kisiwa! Inasimuliwa kwamba mwenyeji mmoja ndiye aliyewaonyesha pa kuvukia maji yakipwa. Tangu Jumamosi namfikiria mtu huyo. Yeye aliwaonyesha maadui njia ya kuingilia, mimi nataka kumwonyesha rafiki njia ambayo adui atapita, na bado najiona tumekaa jamvi moja.

Sikukwambia kitu. Nimezungumza historia.

Basi sikiliza upande wa pili, kwa sababu nimejitetea pia, sikulala bure. Huenda nilichokiona si kweli. Kete za mchezo huu zimehifadhiwa ndani ya faili: ukifanya yaleyale kwa mpangilio uleule, utapata yaleyale, ndiyo maana kurudia pambano ulilopoteza hakukusaidii. Lakini ukipigana hata pambano moja kabla ya jingine, matokeo yanaweza kuhama. Kwa hiyo zamu kumi zangu si zamu kumi zako. Nilijituliza hivyo mpaka Jumatatu, halafu, Mungu anisamehe, nikacheza mara ya pili ili kuhakikisha. Nikafanya mambo tofauti makusudi. Mara ya kwanza ilikuwa zamu ya saba, msituni kusini-magharibi ya mji, mraba mmoja, ndovu wa vita na mitambo ya kurusha mawe, jumla kumi na...

Hapana. Mara ya pili ilikuwa zamu ya nane, basi. Maana yake kete hazihusiki. Mtu alishaamua moyoni kabla hujalipokea faili, na uamuzi wake umo ndani ya faili lenyewe. Aliamua wakati nacheza mimi, pengine siku ileile nilipowatoa wale wapiga pinde. Ukilitazama hivyo, hili ni deni langu unalokwenda kulilipa wewe, na ripoti ya mji kupotea itasainiwa Abdu, si Salim. Chande atasema nini? Atasema, "Siku kumi na tisa, kisha katuletea hii."

Na ingekuwa ramani nyingine ningenyamaza, ningesema utajitetea hapohapo. Lakini hapa hatuchapi mjeledi. Mwanaidi alikataa utumwa tangu siku ya kwanza, alisema mtu wa pwani hawezi kubonyeza kile kitufe akiwa na raha, na mimi nilimuunga mkono na bado namuunga. Ila maana yake ni kwamba huwezi kutoa raia ukapata mlinzi usiku mmoja. Kilwa mpiga pinde mmoja ni zamu nne. Piga hesabu mwenyewe: ukigundua zamu ya sita, umegundua ili ulie vizuri.

Sasa nimepata njia, nayo ndiyo sababu ya barua. Nataka uniambie kama ni halali.

Unakumbuka mchezo wa Wamongolia, ule Mwanaidi aliotufundisha kusalimia majirani? Kila zamu tano, zungumza na kila mfalme, hata kama huna cha kuuza. Muombe aingie vitani dhidi ya mtu mwingine. Akikataa kwa kuwa humpendezi, ni sawa. Akikataa kwa kuwa huyo ni rafiki yake, ni sawa. Lakini akikwambia kwamba mikono yake imejaa, ana mambo ya kutosha sasa hivi, na ukimtazama hapigani na mtu yeyote duniani, basi jua anapigana na mtu ambaye bado hajaambiwa. Hiyo si siri yangu, ni elimu ya kundi zima, na mchezaji yeyote makini angefanya. Mimi sikufanya. Zamu zangu zote kumi sikubisha hodi kwa mtu, nilikuwa naangalia bahari.

Kwa hiyo ombi langu ni hili tu: ukifungua faili, kabla hujabonyeza Enter kumaliza zamu hata mara moja, msalimie Shaka, mfalme wa Wazulu. Muombe ampige João, uone atakujibu nini. Yeye mwenyewe akikwambia, utakuwa umejua kwa njia ya mlangoni, na wale wapiga pinde wawili kutoka Mombasa kwa barabara ni zamu tano mpaka Kilwa. Wanawahi.

Lakini je, mimi kukutuma ukamsalimie Shaka si ndiyo kukwambia kwenyewe? Nimeligeuza hili tangu magharibi. Nikisema ni halali najiona mwanasheria wa mahakama ya mwanzo aliyeahidiwa kuku. Nikisema si halali, basi nilipaswa kufunga mdomo tangu ile habari ya Wazimba, na barua hii ingekuwa ya halua na mguu wa mzee peke yake.

Mama kaniingilia hapa sasa hivi kuuliza kwa nini taa inawaka. Mwezi uliopita alinikuta nimefungua lile toleo la mwanzo la mchezo huu, la 2005, kwa ajili ya wimbo wake tu, kwaya nzima inaimba "Baba yetu uliye mbinguni", akasimama mlangoni na tasbihi mkononi akaniuliza polepole, "Salim mwanangu, kuna jambo unataka kunieleza?" Leo nusura nimwambie ndiyo.

Nijibu haya, hata kwa neno mojamoja. Utacheza kabla ya Ijumaa au nimwombe Mwanaidi akuongezee mpaka Jumapili? Nimwambie mwenyewe kwamba nilichungulia, au nisubiri uumalize mchezo wako kwanza? Nikimwambia sasa, atalifuta faili turudi nyuma zamu ishirini, na Chande hatanisamehe. Nikimwambia baadaye na Kilwa imepona, nani ataamini kwamba ni Shaka aliyejieleza? Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Na jingine, Abdu, usinikasirikie. Siku kumi na tisa ni nyingi hata kwa mtu wa zamu za usiku. Ulisema "nimelipata" saa moja tu baada ya kutumiwa, halafu hukutoa hata utani mmoja, wewe ambaye huwezi kupita siku mbili bila kumtukana João. Umeshalifungua hilo faili? Ulifika zamu ya ngapi? Na mraba ule wa msituni, kusini-magharibi, wewe uliwahesabu wangapi?

Ndugu yako,
Salim

Halua ya zafarani, si ile nyeupe. Mama amesisitiza.